Njia Mbili kwenye Karatasi Moja

Katika wodi ya wazazi neno "njia" hufanya kazi mbili. Mkunga akivua glavu baada ya kumpima mama husema njia imefunguka sentimita nne, au njia bado, na kila aliyemo chumbani anajua anazungumzia mlango wa kizazi. Baada ya dakika chache mkunga huyohuyo husogea dirishani, akaitazama mvua, akauliza kama njia inapitika. Sasa anazungumzia barabara ya kwenda hospitali. Shangazi yangu aliishi na njia hizo mbili kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kituo cha afya kimoja kusini mwa Tanzania, mahali ambapo mzazi hakufika kwenye chumba cha upasuaji mpaka mto uwe umekubali. Ni yeye aliyenifundisha kuipenda karatasi ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu ni karatasi iliyozichora njia zote mbili mahali pamoja.

Inaitwa patografu. Ni ukurasa mmoja, wa ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisini, uliojaa miraba midogo kama daftari la hesabu. Mama akishaingia kwenye uchungu wenyewe, ukurasa hufunguliwa kwa jina lake, na tangu hapo hadi mtoto alie, kila kinachopimwa kinaingia humo: moyo wa mtoto, maji ya uzazi, njia, kichwa, uchungu, mapigo ya mama, presha, joto, mkojo, dawa. Asiyeijua huona msongamano. Aliyeizoea huitupia jicho mara moja akiwa bado amesimama mlangoni, na anajua kama usiku huu utakuwa wa amani.

Nataka kulisifia jicho hilo moja, na watu waliohangaika miaka mingi ili liwezekane.

Kabla ya grafu, habari za uchungu ziliandikwa kwa maneno. Saa mbili usiku: mzazi amepokelewa, njia sentimita tatu, moyo wa mtoto unasikika vizuri. Saa sita usiku: njia sentimita tano, mzazi anaendelea. Saa kumi: njia sentimita sita, mzazi anaendelea. Kila sentensi ni ya kweli, na aliyeiandika alikuwa makini. Ila uchungu wa mimba ya kwanza huweza kuvuka zamu mbili, hata tatu, na kila zamu ina mkono wake wa kuandika. Anayeingia asubuhi anakuta kurasa nne za "anaendelea", na huku wazazi wengine watano wanamwita. Hana nafasi ya kusoma hadithi nzima. Hata akiisoma, sentensi hazimwonyeshi kile anachokihitaji kuliko vyote, yaani mwendo. Sentimita sita peke yake si habari njema wala mbaya. Habari ni kwamba muda wa saa nne umepita na njia imeongezeka sentimita moja tu.

Aliyeuchora mwendo huo kwanza ni daktari Emanuel Friedman, huko New York, mwaka 1954. Aliwafuatilia wanawake 100 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza, akaweka saa kwenye mstari wa chini na sentimita kwenye mstari wa pembeni, akatia nukta kila walipopimwa. Nukta zilipounganishwa, zilitoa mstari uliolala kwanza, ukainuka kwa kasi, kisha ukapunguza mwinuko ulipokaribia mwisho. Ilikuwa kazi nzuri ya mtafiti. Lakini ilikuwa bado picha ya kutazamwa na daktari, tena daktari wa hospitali ya mji mkubwa, ambaye akitaka msaada hahitaji kuuliza habari za mvua. Picha hiyo iligeuzwa kuwa chombo cha kazi kusini mwa Afrika.

Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle, wakifanya kazi Salisbury ya Rhodesia, mji unaoitwa leo Harare, walichapisha makala zilizofuatana kuhusu kuuongoza uchungu wa wanawake wanaojifungua kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamewafuatilia 624. Mazingira yao mkunga yeyote wa Afrika Mashariki angeyatambua: hospitali moja yenye madaktari wachache, na mbali nayo zahanati ambako wakunga walizalisha wanawake wengi bila daktari. Mkunga wa zahanati alikuwa na uamuzi mmoja mkubwa mkononi mwake, kumbakiza mama au kumsafirisha. Akimsafirisha kila mtu, hospitali inafurika, na wanawake ambao wangejifungua salama karibu na nyumbani wanasukwasukwa barabarani bure. Akichelewa, mama anafika kizazi kimeshapasuka, au mtoto ameshafia tumboni.

Walichora mistari miwili ya mshazari juu ya grafu. Wa kwanza, mstari wa tahadhari, unapanda sentimita moja kwa kila saa. Hawakuuchora kwa kumfuata mwanamke wa wastani. Waliwafuata wale wa polepole, ile sehemu moja ya kumi iliyo nyuma ya wenzao, ili mama anayekwenda taratibu lakini salama asitiwe hofu. Wa pili, mstari wa hatua, unakwenda sambamba na wa kwanza, umbali wa saa nne kulia kwake. Alama za mama zikibaki kushoto mwa mstari wa tahadhari, mwache aendelee. Zikiuvuka, andaa safari. Zikiufikia mstari wa hatua, lazima jambo lifanyike, na alifanye mtu mwenye uwezo wa kulifanya.

Kwa muda mrefu nilidhani zile saa nne zimetoka ndani ya mwili, kwamba kuna kitu kwenye kizazi kinachobadilika baada ya muda huo. Nilimwambia shangazi hivyo siku moja, nikijiona nimeelewa. Alitikisa kichwa.

"Hizo si saa za tumbo, mwanangu. Hizo ni saa za gari."

Ndivyo ilivyo. Nafasi ya saa nne iliachwa ili mkunga akiona alama imevuka mstari wa kwanza apate muda wa kutafuta usafiri, kumpakia mama na kumfikisha panapofanyika upasuaji kabla ya mstari wa pili kufikiwa. Nimeona michoro mingi ya kitabibu, na karibu yote huuchora mwili kana kwamba mwili uko peke yake duniani, kwenye karatasi nyeupe, bila kijiji, bila mto, bila dereva ambaye simu yake haipatikani. Waliochora patografu waliuchora mwili pamoja na umbali. Ule weupe kati ya mistari miwili ni barabara. Mkunga anaposogeza kidole chake kutoka mstari wa tahadhari kwenda mstari wa hatua, anasogeza gari.

Kwangu huo ndio ustadi wenyewe. Wangeweza kuuliza tu uchungu salama unachukua muda gani, wakapata jibu zuri la kitabuni. Waliongeza swali la pili: mtu atakayeishika karatasi hii yuko wapi, na kutoka hapo alipo anaweza kufanya nini? Kisha jibu la swali la pili wakalichora kwa mstari mnene uleule wa jibu la kwanza.

Lakini mistari miwili haimalizi ukurasa, na mimi napenda kuushika ukurasa wote. Baada ya muda Shirika la Afya Duniani lilikusanya mawazo ya wengi na kutoa fomu yake mwaka 1988, na hiyo ndiyo iliyobandikwa kwenye kuta za vyumba vya leba kote kwetu. Anza juu. Chini ya jina, mimba ya ngapi na saa ya kupokelewa, kuna uwanja wa moyo wa mtoto. Kila nusu saa mkunga huinama na kile kipembe cha kusikilizia, huhesabu, hutia nukta, huiunganisha na iliyotangulia. Mstari unaocheza kati ya 110 na 160 ni mtoto anayevumilia vizuri. Mstari unaoanza kuteremka huonekana unateremka, hata na mtu asiyejua 110 maana yake nini.

Chini yake kuna safu ya maji ya uzazi, na hapo huandikwa herufi moja tu. Chupa haijapasuka, ni herufi yake. Maji meupe, herufi yake. Maji yaliyochanganyika na kinyesi cha mtoto, M. Damu, B. Safu inayofuata ni ya mifupa ya kichwa cha mtoto inavyobanana, sifuri au alama za kujumlisha, moja mpaka tatu. Hakuna mahali pa sentensi. Nilipokuwa mgeni wa karatasi hii niliuona huo kama ubahili. Sasa naona ni heshima. Mkono wenye haraka umepewa kazi ndogo kuliko zote inayoweza bado kubeba maana.

Kisha panakuja pale katikati, kwenye mistari miwili. Njia huwekewa alama ya X, na kichwa cha mtoto huwekewa O. Ufunguko wa njia hupimwa kwa sentimita, lakini kichwa hupimwa kwa vidole: mkunga huweka mkono juu ya tumbo, juu tu ya mfupa wa kinena, na kuangalia ni sehemu ngapi kati ya tano za kichwa ambazo bado zinashikika. Vidole vitano vikienea, kichwa chote bado kiko juu. Vikienea viwili, kichwa kimeshaingia. Kipimo ni mkono wa mkunga mwenyewe, kitu asichoweza kukisahau nyumbani wala kuishiwa nacho stoo.

X inapanda kadiri njia inavyofunguka. O inashuka kadiri kichwa kinavyoteremka. Uchungu unapokwenda vizuri, alama hizo mbili hukaribiana, hupishana, kila moja ikaenda zake. Sasa angalia ukurasa ambao X inapanda na O imesimama palepale juu, saa baada ya saa. Njia inafunguka lakini kichwa hakipiti. Hilo ni jambo ambalo ungelisoma katika kurasa nne za maelezo ukalikosa, kwa sababu sentimita ziliandikwa na mtu wa zamu moja na kichwa kikaandikwa na mwingine. Hapa zipo mahali pamoja, na macho yenyewe yanauliza mbona ile duara haishuki.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko chini ya hapo, na ni ndogo: visanduku vya uchungu. Kwa kila nusu saa kuna mnara wa miraba mitano. Mkunga huweka kiganja juu ya tumbo kwa dakika kumi na kuhesabu uchungu unakuja mara ngapi. Ukija mara tatu, anajaza miraba mitatu. Ukikaa chini ya sekunde 20, mraba hutiwa nukta. Ukikaa kati ya sekunde 20 na 40, hutiwa mistari ya mshazari. Ukizidi 40, mraba unapakwa wino wote. Mraba mmoja, uchungu mmoja. Saa za mwanzo miraba ni michache na myepesi, kama manyunyu. Kadiri usiku unavyosonga minara inarefuka na wino unakolea, mpaka ukingo wa kulia wa karatasi uwe mweusi. Ukiirudisha karatasi mbali na macho, namba zote zikapotea, bado utaona uchungu ukiiva.

Kisanduku hicho hakijaziki kutoka mezani. Ili kujua uchungu umekuja mara ngapi katika dakika kumi, lazima ukae dakika kumi, kiganja tumboni. Fomu nyingi za ofisini humvuta mfanyakazi aondoke kwenye kazi yake ili aende akaandike kuhusu kazi yake. Hii humrudisha mkunga kando ya kitanda. Na mama, ambaye hana habari na grafu, anapata mkono wa mtu juu yake kwa dakika kumi, mara mbili kila saa, katika usiku ambao labda hana mwingine wa kumshika.

Yote haya, moyo, maji, X, O, minara, presha, joto, yanasimama juu ya saa zilezile. Ukisoma kwa ulalo unasoma mwendo. Ukisoma kwa wima, kutoka juu kushuka, unasoma saa moja ya mama huyu kwa ukamilifu: saa nane usiku moyo wa mtoto ulikuwa 150, maji yalikuwa safi, njia sita, kichwa vidole vitatu, uchungu mara nne. (Mdomoni ni saa nane, kalamuni ni 2:00. Wakunga wetu wanabeba saa mbili kichwani, moja ya Kiswahili na moja ya fomu, na sijawahi kumwona aliyezichanganya.) Usomaji huo wa pande mbili ndio unaofanya makabidhiano ya asubuhi yawezekane. Anayetoka na anayeingia husimama kitandani, karatasi kati yao, na kidole kimoja kinasema yale ambayo mdomo uliochoka ungeyaruka.

Siku hizi kazi ya kupanga maarifa ya mahali pa kazi ina jina na ina wataalamu. Huitwa usimamizi wa maarifa, na makampuni hununua mifumo mikubwa ya kompyuta kwa ajili yake. Nimefanya kazi katika ofisi yenye mfumo wa namna hiyo. Kila tulichokijua kilitakiwa kiingizwe humo, nasi tuliingiza, na hakuna aliyerudi kukisoma, maana aliyeujenga alianza na kabati na hakuanza na mkono utakaofungua mlango wa kabati hilo. Sikuwahi kumsikia mtu wa mfumo ule akiuliza tulikuwa tumesimama au tumeketi tulipohitaji kujua jambo. Patografu inajua kwamba mkunga amesimama. Inajua kwamba ana mkono mmoja tu mtupu, kwamba taa ni hafifu, kwamba kuna mama wa pili anayeanza kusukuma, na kwamba maarifa anayoyahitaji hayawezi kungoja kutafutwa.

Februari 1987 Nairobi ilipokea mkutano wa kimataifa uliozindua Mpango wa Uzazi Salama, na baada ya hapo ndipo karatasi hii ilipoanza kusukumwa kwa nguvu kila mahali. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za Indonesia, Malaysia na Thailand, kwa wanawake 35,484, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Uchungu uliozidi saa 18 ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Matumizi ya dripu ya kuongeza uchungu yalishuka kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Fomu zikapigwa chapa kwa wingi, mafunzo yakafanyika, na ikaamuliwa kwamba kila mzazi awe na yake.

Hapo ndipo karatasi iliyozaliwa kwa ajili ya zahanati ilipoanza kuugua.

Shangazi alinieleza hili kwa sauti ya chini, ingawa hakuwa na kosa la kujificha. Wakaguzi walikuja na orodha: patografu ngapi, zimejazwa ngapi, kwa ukamilifu kiasi gani. Usiku mmoja kituo kilikuwa na mkunga mmoja na wazazi wanne. Kupima moyo wa mtoto kila nusu saa na kuhesabu uchungu dakika kumi kwa wazazi wanne ni hesabu isiyoingia ndani ya saa moja, hata kama hakuna anayejifungua, na kuna aliyekuwa anajifungua. Basi karatasi zilijazwa asubuhi, watoto wameshazaliwa. Alinionyesha namna ya kuzitambua. Wino ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kalamu imekandamizwa kwa nguvu ileile, moyo wa mtoto ni 140, 140, 140, na X zimepanda mstari wa tahadhari kama askari wa gwaride. "Grafu nzuri mno ni ya uongo," alisema. "Ya kweli ina madoa."

Mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio ya kitabibu ya patografu, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuitumia kwa kila mzazi, kwa namna inavyotumika, hupunguza upasuaji au huboresha hali ya mtoto. Wako waliosoma hapo kwamba karatasi ilikuwa bure. Mimi nasoma tofauti, na naliamini hili kwa dhati: chombo kilichobuniwa kumsaidia anayefanya kazi kiligeuzwa kuwa ushahidi kwa anayekagua kazi. Miraba ni ileile, mistari ni ileile, lakini msomaji amebadilika. Mkunga hakuwa tena anaandika ili yeye na mwenzake wa zamu waone. Alikuwa anaandika ili faili lifungwe.

Dawa ya ugonjwa huo niliiona ikitafutwa vizuri Zanzibar. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ndiyo hospitali kuu ya visiwa vile, na wakunga wake kila mmoja huhudumia wazazi kadhaa kwa wakati mmoja. Miongozo ya kimataifa waliyopewa iliandikwa kana kwamba kila mama ana mkunga wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen pamoja na wafanyakazi wa wodi walianzisha kazi iliyoitwa PartoMa. Badala ya kuwalaumu wakunga kwa kutofuata mwongozo, waliukalisha mwongozo chini pamoja nao. Kipi kinawezekana kwa idadi hii ya watu, kwa vitanda hivi? Walitoka na kijitabu cha mfukoni, kilichopunguzwa hadi yale yanayotendeka, kikiwa kimeunganishwa na patografu: ukiona hivi kwenye karatasi, fanya hivi. Kisha wakawa wanakutana mara kwa mara, baada ya saa za kazi, kwa hiari, kusoma pamoja mikasa ya wodini.

Walilinganisha kabla na baada. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 kwa kila vizazi 1,000 hadi 39. Ni ulinganisho wa nyakati mbili katika hospitali moja, na waliouandika walisema hivyo wenyewe. Lakini mtu anayejua vyumba hivyo haisomi tofauti ya 20 katika 1,000 kama namba tu. Kwa wodi yenye maelfu ya vizazi kila mwaka, hao ni watoto wa mtaa mzima.

Karatasi yenyewe nayo imeendelea kuchongwa. Mwaka 2000 sehemu ya mwanzo, ile ya uchungu wa kuchezacheza kabla ya sentimita nne, iliondolewa, kwa kuwa iliwafanya wakunga wahangaike na wanawake ambao hawakuwa na tatizo lolote. Baadaye uchunguzi mkubwa uliofanyika Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba wanawake wengi wanaojifungua salama hawaendi sentimita moja kwa saa. Njia ina hiari yake, hasa mwanzoni. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mstari ule wa mshazari ulikuwa ukiwahukumu wengi isivyo haki, na mwaka 2020 likatoa karatasi mpya, mwongozo wa kumhudumia mama katika uchungu. Ilikuwa imejaribiwa na wakunga na madaktari wa nchi sita, Kenya na Tanzania zikiwemo, nao wakasema wapi mikono yao inakwama.

Karatasi mpya inaanza sentimita tano. Mstari wa tahadhari umeondoka, na mahali pake kila sentimita ina muda wake: saa sita kwa tano, saa tano kwa sita, saa tatu kwa saba, na kuendelea hivyo hadi tisa. Pembeni kuna safu inayotaja mipaka, na kipimo chochote kikiivuka, mkunga hukizungushia duara. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba kabla hujafika kwenye moyo wa mtoto, kuna mistari minne ya mambo ambayo karatasi ya zamani haikuyataja kabisa. Mama ana mtu wa kumshika mkono? Amepewa cha kutuliza maumivu? Amekunywa? Amelala chali au anatembea? Na chini kabisa, mahali pa kuandika kilichoamuliwa, pamoja naye.

Nilimpelekea shangazi nakala moja mwaka jana. Amestaafu, ana miwani minene, lakini kalamu bado ameichomeka kwenye kilemba. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yameshakwenda kwenye karatasi. Aliisoma kama anavyosoma zote, kwanza kwa ulalo, kisha kwa wima. Kwenye ule mstari wa mtu wa kumshika mama mkono alikaa muda mrefu, akasema, "Hili tulikuwa tunalijua, ila halikuwa na mahali pa kuandikwa." Alisifu duara. Alisifu kwamba mwanamke wa polepole ameachwa apumue. Kisha akarudi katikati, akapitisha kidole pale ambapo zamani palikuwa na mistari miwili, akanitazama juu ya miwani.

"Na njia wameiweka wapi?"

Nilimwonyesha safu ya sentimita, tano hadi kumi.

"Siyo hiyo, mwanangu."

Alichomoa kalamu kichwani, akaegemeza karatasi kwenye goti, na pembeni, usawa wa mstari wa sentimita tano, akaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka: *gari, saa 3, mto ukijaa, saa 5.*